Wema Usioyumba

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini watengenezaji wa sinema mara nyingi huogopa kwamba chema hakitajiuza. Je, msomaji, ni lazima wema uonekane ukiyumba ndipo uaminiwe?

Tutazame mfano mmoja. Katika 1954 na 1955 Mwingereza J. R. R. Tolkien alitoa riwaya yake, The Lord of the Rings. Ndani yake mna pete ya uovu yenye nguvu za kutia tamaa hata mashujaa. Boromir wa nchi ya Gondor alishindwa na tamaa hiyo, akajaribu kumpokonya Frodo, aliyekabidhiwa pete akaiangamize. Baadaye Frodo na mtumishi wake Sam waliangukia mikononi mwa Faramir, ndugu yake Boromir. Faramir alikuwa na askari wengi. Wageni walikuwa wawili, tena wachovu. Kabla hajaijua siri yao, alikwisha kusema kwamba hakitaki kitu cha namna hiyo. Alipoijua, aliyahesabu maneno yake kuwa ahadi. Akawapa chakula na fimbo za safari, akawaacha waende zao.

Sinema ya The Two Towers, iliyoongozwa na Peter Jackson wa New Zealand, ilitoka 2002. Humo Faramir anakusudia kwanza kumpelekea baba yake pete, na anawachukua mateka wake mpaka mji wa Osgiliath, uliomo vitani. Hapo ndipo anapogeuka na kuwafungua, ingawa kwa sheria ya nchi tendo hilo laweza kumgharimu maisha. Watengenezaji walieleza kwamba pete ingepoteza kitisho chake kama mtu angeikataa kwa urahisi.

Hoja yao si ya kudharauliwa. Kamera huona uso na mkono. Haioni miaka iliyoujenga moyo. Tena sinema humfariji mtu aliyekwisha kushika njia mbaya, ikimwonyesha kwamba kurudi kunawezekana.

Hata hivyo, funzo la riwaya ni adimu zaidi. Urahisi wa Faramir si urahisi wa bahati. Mti usiong'oka siku ya tufani ulitia mizizi siku za utulivu. Aliyezoea kukataa kidogo kisicho chake hababaiki siku awekewapo kikubwa, kwa kuwa vita vyake alivipigana zamani, pasipo shahidi.

Basi, msomaji, usimdhanie mnafiki kila atendaye haki bila ya kusita. Mweka hazina wa chama arudishaye senti iliyozidi kabla ya kuulizwa hana kisa cha kupigiwa picha. Lakini wanachama wake hulala usingizi. Tujifunze kustaajabia wema kama huo, maana tunachokistaajabia ndicho tunachojitahidi kuwa.