Ndizi kwa Kilatini: Anwani au Hukumu?

Suala la uaminifu katika tafsiri hujadiliwa aghalabu kwa kurejelea mashairi na vitabu vitakatifu. Makala haya yanalichunguza katika neno moja la kawaida: ndizi.

Mwaka 1753, Carl Linnaeus wa Uswidi aliiita Musa paradisiaca; mwaka 1759 akaongeza Musa sapientum. Neno Musa latokana na mauz la Kiarabu, ingawa wapo walionasibisha jina hilo na Antonius Musa, tabibu wa Kaisari Augusto. Kukopa si dhuluma. Kiswahili nacho kimekopa. Utata umo katika vivumishi. Paradisiaca yarejelea simulizi kwamba ndizi ndiyo tunda alilokatazwa Adamu. Sapientum, yaani "ya wenye hekima", yarejelea habari za kale kuhusu wahenga wa Bara Hindi. Yote mawili yanahifadhi masimulizi ya wasomi wa mbali. Mkulima hamo.

Isitoshe, jina la kwanza lilihusishwa na ndizi za kupika, la pili na za kula mbivu. Leo wataalamu wa mimea huyahesabu yote mawili kuwa ya mahuluti ya Musa acuminata na Musa balbisiana. Spishi mbili, basi, hazikuwa mbili. Mswahili asemapo mkono wa tembo, kisukari au bokoboko, hadai kwamba kila jina ni spishi. Anaonyesha umbo, ladha na matumizi. Tena hutenga mgomba na ndizi, ilhali Musa hubeba mmea na tunda pamoja.

Je, Kilatini kitupwe? La hasha. Mtafiti wa Bukoba na mwenzake wa Manila wanahitaji jina moja wasije wakapotezana. Yamkini msomaji atapinga kwamba jina la kisayansi ni anwani tu, na maana ya vivumishi vyake haimdhuru mtu. Hoja hii ina uzito maadamu anwani inabaki anwani. Lakini pale jina la Kilatini linapoitwa "jina halisi", na la mkulima "jina la kienyeji", anwani imekwisha kugeuka hukumu: aliyeitunza mbegu kwa karne nyingi anahesabiwa kuwa hakujua alichokuwa akikitunza.

Kwa hivyo mtarjumi hana budi kuyaweka majina yote mawili mbele ya msomaji na kueleza kila moja linajibu swali gani. Kuchagua moja kimyakimya ni kuwanyima wengine ushahidi wao.