Saa Moja Tu

Wajukuu wangu, vueni makoti mkae. Haya nimekwisha kuyasema, na sauti yangu imechoka. Lakini mlezi huchoka, haachi.

Jumapili asubuhi bibi yenu alimuuliza mmoja wenu, "Umeamkaje?" Akajibiwa kwa Kiingereza, macho yakiwa kwenye simu. Bibi akacheka kidogo, akanyamaza. Nami nikanyamaza, kwa kuwa ukali haumfundishi mtu kupenda kitu. Nikavaa buti zangu nikatembea hadi kanisani.

Ile minara yake miwili mnaipita kila siku. Mji wetu huu wa Gravelbourg, kimji cha watu wapatao 1,000 kati ya mashamba ya ngano na dengu ya jimbo la Saskatchewan, Kanada, ulianza mwaka 1906, Padri Louis-Pierre Gravel alipowaleta wakulima wenye kusema Kifaransa. Kanisa lilipokwisha kujengwa, Padri Charles Maillard akaingia na brashi zake, akazipamba kuta kwa picha tangu 1921 hadi 1931. Miaka 10 mtu yuko juu ya ngazi, anachora uso mmoja baada ya mwingine.

Mwaka uleule alipoweka brashi chini, sheria ya jimbo ilikiondoa Kifaransa kisiwe lugha ya kufundishia, hata kwa watoto wa darasa la kwanza. Kilichoachwa ni saa moja kwa siku, kisomwe kama somo. Na hiyo ilikuwa miaka ya ukame, bei ya ngano imeanguka, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Mkulima angeweza kusema, tushibe kwanza, lugha baadaye. Wapo waliosema hivyo. Wajukuu wao leo wamebaki na majina ya Kifaransa tu. Wengine waliishika ile saa moja, wakaiongeza nyumbani kwa sala, kwa hadithi, kwa kukemeana. Mwaka 1952 redio ya Kifaransa ikasikika papa hapa mjini. Katiba ilikuja kuwapa haki ya shule za lugha yao mwaka 1982. Hesabuni wenyewe tangu ile sheria ya 1931: miaka 51. Kama akina mama wangeingoja sheria, sheria ingefika ikakuta hakuna mtoto wa kuitumia.

Sasa sisi tuliotoka Uvira, kule Kivu nchini Kongo, ni nani aliyetukataza Kiswahili? Hakuna. Tunakionea haya wenyewe, na lawama ianzie kwangu. Tulipofika hapa nilikuwa wa kwanza kuwaambia wazazi wenu: semeni na watoto Kifaransa, ndicho kilichotufungulia mlango. Nilidhani Kiswahili kitajilea chenyewe, kama magugu. Kumbe hata magugu huhitaji mvua.

Sisemi mkiache Kifaransa, wala Kiingereza cha dukani na kazini. Kichwa si ghala la ngano, useme kimejaa, mzigo mwingine urudi. Ninachoomba ni kidogo: saa moja. Wale wakulima walinyang'anywa siku nzima wakabakiziwa saa moja, wakaishi nayo. Ninyi mna siku nzima. Nipeni saa ya chakula cha jioni. Simu ziwekwe kikapuni, na mezani pasemwe Kiswahili. Kiwe kile chetu cha Kivu, si lazima kiwe cha Unguja. Na mtoto akisema "kikombe yangu," asichekwe. Mpe kikombe, kisha umjibu. Mtoto aliyechekwa hufunga mdomo, na mdomo uliofungwa wakati wa utoto ni mgumu kufunguka utu uzima.

Basi, nimemaliza, nisije nikawachosha kama nilivyochoka mimi. Wewe wa Jumapili, unajijua. Bibi yuko jikoni, anasonga ugali. Nenda ukamuulize ameamkaje. Jua limekwisha kuchwa, ndiyo, lakini nenda. Atakujibu.