Ulimi Shahidi, Ulimi Hakimu

Ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo, hupita neva nyembamba isiyohusika kabisa na kusikia. Wataalamu huiita korda timpani. Inakatiza kati ya mfupa wa nyundo na ule wa fuawe, ikipeleka ubongoni ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi. Daktari anayesafisha sikio lililotoa usaha kwa miaka, au anayebadilisha mfupa wa kikuku ulioganda, huenda akalazimika kuisogeza, kuivuta, hata kuikata. Ndiyo maana kuna wanaotoka kwenye upasuaji wakisikia vizuri kuliko zamani, lakini kila wanachokula kina ladha ya chuma. Kwa wengi hali hiyo hupungua baada ya miezi. Kwa wachache inabaki.

Tumweke mgonjwa wa namna hiyo Mulongwe, hapa Uvira, mbele ya bugali na samaki aina ya mukeke aliyepikwa kwa mawese. Anatema. Aliyepika ameonja na kuridhika, watoto wanamaliza sahani. Nani anasema kweli? Katika Kivu ya Kusini swali hili haliishii kwa wanafalsafa. Karuho, ile sumu ya polepole inayoogopwa huku kwetu, haichelewi kutajwa, na ikishatajwa, mama aliyeshika mwiko ni mtuhumiwa. Mimi nashikilia kwamba ulimi ni shahidi mkweli wa mwili wake, lakini hauna mamlaka ya kuhukumu chungu cha mtu mwingine.

Kuna atakayesema: ikiwa neva moja ikiguswa samaki anageuka chuma, basi ladha haikuwahi kuwa katika samaki. Democritus wa Ugiriki alifundisha hivyo zamani, kwamba utamu na uchungu ni mazoea ya watu, na kilichopo hasa ni atomi na utupu. Sikubali. Tusingejua hata kwamba neva imeumia kama tusingekuwa na kipimo: ndimi za wengine wanaokula sahani ileile, na kumbukumbu ya mgonjwa mwenyewe. Tena mtafiti wa Marekani, Linda Bartoshuk, ameeleza kwamba neva hii ikinyamaza, zile ilizokuwa ikizizuia hupaza sauti, hata kuleta ladha mdomoni pasipo chakula. Uchungu ule basi una chanzo cha kweli, ila chanzo hicho hakimo sufuriani.

Pingamizi zito zaidi ni hili: sumu zipo, na uchungu umewekwa utulinde, anayepuuza ulimi wake anaweza kuzikwa. Ni kweli. Lakini sumu iliyotiwa katika sufuria moja haionjwi pia katika maji ya bomba, chai ya jirani na mkate wa meza ya Bwana. Ladha inayomfuata mtu kote huko inatoka mwilini mwake. Na hata kama mwili huo umedhuriwa na kitu, wa kutafutwa ni daktari na maabara, si mganga wa kutaja majina.

Biblia ina mtu aliyelielewa jambo hili bila anatomia yoyote. Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80, alipoalikwa na Daudi kula mezani pake Yerusalemu, alijibu kwamba haonji tena anachokula wala hasikii vema sauti za waimbaji. Ladha na usikivu alivitaja kwa pumzi moja! Hakuwalaumu wapishi wa mfalme. Aliutaja mwili wake, akaomba mtu mwingine, aitwaye Kimhamu, aende badala yake.

Hata hivyo, kumtetea mpishi kusigeuke kumdhihaki mgonjwa. Kumwambia kwamba anajifanya, au kwamba imani yake ni haba, ni kumkatalia ushahidi wa kitu pekee anachokijua kuliko sisi sote. Anakonda kweli. Kwa hiyo naona daktari ana deni kabla ya kushika kisu: amweleze mgonjwa habari za neva hii, na amweleze wakati yule atakayempikia ameketi papo hapo, akisikia.