Urahisi wa Kiwanja Una Sababu Yake

Watu wa Dar es Salaam wakutanapo, iwe barazani, iwe msibani, iwe ndani ya daladala iliyokwama Buguruni, wakiisha kujuliana hali na kuulizana habari za watoto na za wagonjwa, aghalabu hakosekani mmoja wa kuuliza viwanja rahisi siku hizi viko upande gani. Jibu la swali hilo halikai mahali pamoja, kwa kuwa urahisi wenyewe husogea mbele ya watu kama kivuli cha mnazi wakati wa alasiri: zamani ulikuwa Tabata na Mbagala, ukahamia Kimara na Tegeta na Gongo la Mboto, na leo unatajwa Kivule, Mbande, Chanika na Mabwepande, ilhali wengine wamekwisha kuvuka mpaka wa mkoa na kujenga Kibaha, Mapinga na Mkuranga, nao bado hujiita watu wa Dar es Salaam, wala simwoni aliye na haki ya kuwanyima jina hilo.

Sensa ya 2012 ilihesabu katika mkoa huu watu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja walioongezeka katika muda wa miaka 10 hawana budi kupata pa kulaza ubavu. Nyumba iliyokwisha kujengwa, yenye milango na rangi, ni bidhaa ya wachache, na mkopo wa benki wa kuinunulia una riba ya kumtisha hata mtumishi mwenye mshahara wa yakini, seuze mama lishe au fundi cherehani ambaye riziki yake ya leo haimpi dhamana ya kesho. Kwa hiyo walio wengi hununua kiwanja, au pagale lililomshinda mwingine, kisha hujenga kwa kadiri ya pumzi zao: msingi mwaka huu, tofali mwakani, na kupaua Mungu akijaalia.

Nimeyatazama mambo haya kwa muda, na rai yangu ni kwamba hakuna kiwanja kilicho rahisi bure. Panapouzwa kwa bei ya chini pamepungua kitu, na kazi kubwa ya mnunuzi ni kukijua kitu hicho kabla ya kutoa fedha, na kujua fauka ya hayo kama ni upungufu ambao miaka itauondoa, au ni upungufu ambao hata wajukuu watakuja kuukuta pale pale.

Upungufu wa kwanza si wa kuogopwa sana. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga njia na kuvuta maji, makusudi mtu wa kipato kidogo apate pa kujenga kwa nguvu zake mwenyewe. Na wazee waliopewa viwanja wakati ule husimulia jinsi walivyoonewa huruma na jamaa zao kwa kwenda kukaa porini. Leo hapana anayemwonea huruma mwenye nyumba Sinza. Kigamboni nako, mtu alikuwa akiyakatia hesabu maisha yake kwa foleni ya pantoni, hata Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 wenye ardhi upande ule wakaanza kuzungumza na wanunuzi kwa sauti nyingine. Njia huja, nguzo za umeme huja, shule huja, ijapokuwa huja kwa kuchelewa na aghalabu baada ya wakazi wenyewe kuchangishana. Aliyevumilia kukosa vitu hivyo hulipwa uvumilivu wake.

Lakini si wote hudumu hata walipwe. Wengi miongoni mwa wale wa kipato kidogo waliokusudiwa Sinza waliviuza viwanja vyao mapema kwa wenye nacho, wakasogea mbele kutafuta urahisi mwingine. Na ulipokuja mradi wa viwanja 20,000 mwaka 2002, ukapima Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, Buyuni na kwingineko, si kila aliyelipia alikuwa hana pa kulala; vingi vya viwanja hivyo vilikaa miaka na miaka vikiota nyasi, bikoni zikizama ardhini, mwenyewe akiwa na nyumba yake kwingine na akingoja bei ipande. Mimi huliona jambo hili kuwa dhuluma, hata kama sheria haikuliita hivyo, maana kiwanja hicho kingempokea mtu aliyeamua kujenga bondeni kwa kukosa pengine.

Na bonde ndilo mfano wa ule upungufu wa pili, usiokwisha. Mwezi wa Desemba 2011 maji ya Msimbazi yalipowatoa watu majumbani mwao, na serikali ikawapeleka baadhi yao Mabwepande, waliohama hawakuwa watu wasiojua kwamba mto una njia yake; walijua, ila kodi ya kwingine iliwashinda na mahali pale palikuwa karibu na riziki. Kadhalika hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba za pembeni mwa Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hata Kiluvya, ziliandikwa alama ya X kwa rangi nyekundu kisha zikavunjwa, kwa kuwa hifadhi ya pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande wa barabara. Na miongoni mwake zilikuwamo nyumba za umri mkubwa, zenye umeme na maji, ambazo wenyewe waliamini kwamba mwenye kuletewa bili kila mwezi hawezi kuwa mvamizi. Bili si hati.

Mpwa wangu, kijana anayefanya kazi mjini Posta, aliniomba nimsindikize Chanika kutazama eneo. Dalali alitupokea stendi, akataka kwanza hela yake ya usumbufu, kisha akatupandisha bodaboda hata kwenye shamba la mzee mmoja wa Kizaramo, mwenye kofia ya viua iliyofuliwa mpaka ikaingia umanjano. Huko bado ardhi hupimwa kwa hatua, na eneo lilikuwa la hatua 20 kwa 20. Dalali akamwita kijana mmoja mfupi, mkunjufu, akaanza kupima kwa madaha kama bibi harusi. Mpwa wangu, ambaye kwa urefu wake huingia mlango kwa kuinama, akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee, naomba nipime mwenyewe." Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "Marahaba, baba. Lakini ukipima wewe utanimalizia shamba."

Wakapatana apime mtu wa kimo cha katikati, akatafutwa, na ikawa hivyo. Habari ya maji sikumwuliza mzee wala dalali, kwa kuwa muuzaji hapaswi kuwekwa katika majaribu. Nilikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua chini ya mkorosho, nikanunua, nikala, ndipo nikamwuliza masika panakuwaje. Akaelekeza kidole bila kuinua kichwa: "Hapo mlipokuwa mkipima, baba, masika tunapita viatu mkononi. Kule juu kwenye mwembe, hakuna neno." Na kweli, kwenye shina la mnazi uliokuwa mpakani palikuwa na mstari wa tope kavu, umefika magotini.

Tukarudi kwa mzee kuuliza habari ya kule juu, naye hapo akanyamaza kidogo, kwa sababu chini ya mwembe ule yalikuwapo makaburi ya wazazi wake. Shamba lilikuwa la baba yake, lenye mikorosho na minazi, nalo limekuwa likikatwa kipande kwa kipande kadiri haja zilivyomfika: kipande cha matibabu ya mke, kipande cha ada ya mtoto, kipande ambacho hakutuambia kiliuzwa kwa ajili gani, na mnunuzi mmoja aliyemtangulia mpwa wangu alikuwa amezungusha ukuta bila kuacha upenyo, hata watu wa nyumba ile wakitaka kuzuru makaburi wamepaswa kuzunguka kwa majirani wa pili. Sisi watafutaji wa urahisi hujisikitikia sana kwa vumbi la njia na kwa nauli, na ni nadra kukumbuka kwamba yupo mtu upande wa pili wa bei, ambaye urahisi wetu ndio ufukara wake, na ambaye akiisha kuuza kipande cha mwisho hana Chanika nyingine ya kukimbilia.

Patano likaandikwa kwa eneo la juu, lililo dogo na ghali kuliko la kwanza, na ndani yake likatiwa sharti la njia ya kwendea makaburini, yenye kumtosha mtu na jeneza. Mke wa mzee akatia dole gumba, majirani wa mipaka wakatia saini, na mashahidi wa pande mbili vilevile. Katika mji ambao kuta zake nyingi zimeandikwa kwa rangi "Nyumba hii haiuzwi", kwa hofu ya matapeli na ya ndugu wanaouza mirathi kwa siri, kuwaita watu wote hao si usumbufu. Palitajwa pia ile ada ya asilimia 10 ambayo baadhi ya ofisi za mitaa huidai katika mauziano ingawa sheria ya ardhi haikuiweka, na kijana akaomba aoneshwe kifungu. Kifungu hakikuonekana, mhuri ukagongwa. Hati bado, kwa maana eneo halijapimwa na mpima, na ardhi yote ya nchi hii ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na anachokipata mtu kwa hati ni haki ya kuikalia kwa miaka 33, au 66, au 99. Kwa sasa mpwa wangu anayo karatasi ya mauziano na ushuhuda wa majirani.

Bei nyingine huilipa kila siku kabla ya jua. Huamka saa kumi ya alfajiri, achukue bodaboda, kisha daladala mpaka Gongo la Mboto, kisha nyingine mpaka Posta, na jioni hurudi watoto wamekwisha lala. Mkewe huniambia kwamba mdogo wao humwita baba yake "mgeni wa Jumapili", naye hulisema kwa kucheka, ila mimi sikucheka. Mwenye kukadiria kiwanja na ahesabu na saa hizo, kwa kuwa hazina dalali wa kumrudishia.

Hata hivyo wamehamia, madirisha mawili yakiwa bado yana magunia badala ya vioo. Mtaa umeanza mchango wa kalavati, ili gari liweze kupita penye lile bonde la viatu mkononi wakati wa masika na mgonjwa asibebwe mgongoni, na mwenyekiti hupita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Waliohamia wanatoa kidogokidogo, mzee wa shamba naye ametoa. Wenye viwanja vya nyasi wamejibu kwa simu kwamba hawatachanga madhali bado hawajajenga, na mwenyekiti hana sheria ya kuwalazimisha.