Kabla ya Mlio

Gobore halipakiwi kwa pupa. Baruti humiminwa kwanza mtutuni, likafuata tambara, mdeki ukashindilia. Ndipo zinapoingia goroli, na tambara jingine la kuzizuia zisimwagike bunduki ikiinamishwa. Baruti ikipungua, mnyama hujeruhiwa akakimbia na maumivu yake. Ikizidi, mtutu hupasuka, na anayeumia ni yule yule aliyepima. Silitetei gobore lisilo na kibali. Sheria ya silaha ya Tanzania ya mwaka 2015 iko wazi, na mapori ya Rukwa yamekwisha kupoteza wanyama wa kutosha. Kinachonivuta ni hilo tendo la kupima, na mtu kuubeba mzigo wa kipimo chake.

Wapo walengaji shabaha wa mashindano, Ulaya, Marekani na Afrika Kusini, walioliinua tendo hilo likawa kama ibada. Huchukua ganda la shaba lililokwisha kutumika, wakalisafisha, wakalirudisha katika umbo lake kwa kulisukuma ndani ya kalibu. Hulipachika fataki mpya. Baruti huipima kwa mizani inayohisi tofauti ya miligramu chache, kisha hukalisha risasi mdomoni mwa ganda kwa kina kile kile, ganda baada ya ganda.

Sababu iko mwisho wa uwanja. Katika yadi 1,000, karibu mita 914, duara la ndani kabisa la shabaha ya mashindano ya F-Class lina upana wa inchi 5, yaani sentimita 12.7. Risasi mbili zilizopishana mwendo kwa mita 5 tu kwa sekunde zinaweza kufika huko zimeachana kwa zaidi ya sentimita 10, hata kama mkono wa mlengaji haukutikisika kabisa. Sehemu kubwa ya shabaha basi imekwisha kupigwa mezani, pengine usiku, pasipo mtazamaji wala makofi. Na risasi ikienda kombo, mlengaji huyu hana kiwanda cha kukilaumu.

Kasanga, huko huko Rukwa, inaijua hali iliyo kinyume cha hiyo. Wajerumani waliiita Bismarckburg, wakajenga boma pale juu ya Ziwa Tanganyika. Waingereza waliliteka Juni 1916. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa jeshi la Wajerumani zilikuwa bado na bunduki za mfano wa 1871, zenye baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi, na wingu hilo likamwonyesha adui askari alipolala. Alikuwa amefunzwa kulenga, lakini kilichokuwa ndani ya risasi yake kiliamuliwa na watu wa mbali, nao hawakuwa wa kupigwa pale aliposimama. Nikilifikiria hilo naona dhuluma, kuliko hata hofu ya vita yenyewe: kuhatarisha roho kwa kipimo cha mtu mwingine.

Wahunzi wa Ufipa, nao wa Rukwa, hawakukubali utengano wa namna hiyo kati ya mtu na kazi yake. Tanuru lao la kuyeyushia mawe ya chuma lilikuwa refu kupita kimo cha mtu, likivuta hewa lenyewe bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa baadaye katika tanuru dogo. Chini ya lile kubwa zilifukiwa dawa, na waliolihudumia walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Chuma kikiharibika, swali la kwanza lilihusu mwenendo: nani amevunja mwiko?

Mlengaji wa leo hufungua daftari lake, kwa kuwa kila fungu la risasi ameliandikia tarehe, uzito wa baruti na aina ya fataki. Anatafuta kosa katika tarakimu, na kwa elimu tuliyonayo yuko sahihi. Moto hauulizi mtu amelala wapi. Ila mimi siwezi kulitupa swali la wahunzi. Baruti iliyorudiwa mara mbili katika ganda moja huweza kupasua bunduki usoni mwa mpigaji, na kosa hilo haliletwi na mizani. Huletwa na mtu aliyekuwa amechoka, au ana hasira, au anaongea na simu huku mkono ukiendelea na kazi. Ndiyo maana wapakiaji wazoefu huwaonya wageni wasiketi mezani wakiwa katika hali hiyo, na siku ikiwa mbaya wao wenyewe hufunika mkebe wa baruti wakaondoka.