Anayetazama, Je, Anafanya Kazi?

Katika daftari la wakazi la mtaa mmoja mjini Mpanda umo mstari ulioandikwa kwa mkono wangu, nao hunisuta hadi leo. Nilikuwa kijana mwenye cheo kidogo, nimetoka shule ya sekondari miaka michache tu, nikipita nyumba hadi nyumba kuandikisha watu. Chini ya mwarobaini nilimkuta mzee ameketi kigodani, mbele yake kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, mikono yake mitupu. Nikamwamkia, naye akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikamwuliza kazi yake. Akasema yeye ni mchoraji. "Na leo unachora nini, mzee?" "Leo sichori. Natazama." Nikaliangalia daftari, nikaona safu ya kazi ni finyu, nikaandika: Hana kazi.

Sikuandika hivyo kwa chuki. Hapa kwetu kazi imezoea kupimwa kwa mzani. Tawi la reli litokalo Kaliua lilifikishwa Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na shehena yake ilihesabiwa kwa tani. Tumbaku hupimwa kwa kilo, mahindi kwa magunia, asali kwa ndoo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilitufunza kwamba kila mwenye nguvu hana budi kufanya kazi, wala asiishi kwa jasho la mwenziwe. Fundisho hilo ni la haki, na yeyote amteteaye mchoraji asilikwepe. Mkulima wa Mpimbwe akiuliza, "Huyu anakula mahindi yangu; yeye hunipa nini?" anastahili kujibiwa kwa heshima.

Jibu nilianza kulipata niliporudi kwa mzee yule mwezi wa Septemba. Hayo ndiyo majira ambayo miombo yetu humshangaza mgeni. Mvua haijanyesha, ardhi imekauka kama kigae, lakini mitundu huchipua majani mapya, nayo hutoka mekundu kama shaba kabla ya kugeuka kijani. Mzee alikuwa akiutafuta wekundu huo. Alichanganya rangi, akapaka, akarudi nyuma hatua tatu, akatikisa kichwa, kisha akakwangua yote kwa kisu. Nilihesabu mara nne. "Mzee, mbona ile ya pili ilikuwa nzuri?" nikamwuliza. "Ilikuwa nzuri," akajibu, "lakini haikuwa ya mti ule."

Hapo ndipo nilipoanza kuifahamu kazi ya rangi ya mafuta. Kitambaa sharti kwanza kipakwe gundi na rangi nyeupe ya msingi, kwa maana mafuta yakikigusa moja kwa moja hukiozesha kadiri miaka ipitavyo. Mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo katika rangi hayakauki kama maji yaliyoanikwa juani; hukutana na hewa, yakageuka polepole kuwa utando mgumu, na jambo hilo huchukua siku nyingi, pengine majuma. Tena kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko lile la chini yake. Mwenye haraka akiivunja kanuni hiyo, picha hupasuka. Lakini haipasuki siku ya kuuzwa. Hupasuka baada ya miaka, ukutani kwa mtu mwingine, fundi akiwa amekwisha sahau bei aliyolipwa. Basi ni nani anayemsimamia mchoraji? Hana nyapara wala mkaguzi. Husimamiwa na macho yake na dhamiri yake, na msimamizi huyo ni mkali kuliko wengi niliowahi kuwatumikia ofisini.

Huenda msomaji akadhani kwamba hayo ni mambo ya watu wasio na shughuli. Na amkumbuke Sam Ntiro (1923–1993), mwana wa Uchagani, aliyesomea uchoraji Makerere na kisha Slade School, London. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 aliiwakilisha nchi yetu London akiwa balozi, na baadaye alilitumikia taifa katika mambo ya utamaduni na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu huyu aliyeyajua mafaili na mikutano hakuiacha brashi. Picha zake za rangi ya mafuta zimejaa watu wadogo wadogo wanaolima, wanaovuna na wanaobeba, katikati ya miti na vilima. Aghalabu hatuwatambui kwa sura, tunawatambua kwa ushirika wao. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, na picha hiyo imo katika Museum of Modern Art, New York. Maisha hayo ya kijijini aliyatoa katika kumbukumbu yake, akiwa mbali na nyumbani. Na mtu hawezi kutoa ghalani asichokiweka. Ile miaka ya kuwatazama watu wa kwao ndiyo iliyokuwa kulima kwake. Brashi ilikuja wakati wa mavuno.

Hata hivyo, si kila kutazama ni kazi. Yuko atazamaye maisha yake yote asitoe kitu. Huyo mkulima ana haki ya kumlaumu. Yuko pia achoraye bila kutazama, simba asiyepata kumwona na msitu asioujua, kwa kuwa ndivyo wanunuzi wapendavyo; huyo mikono yake ina shughuli, lakini macho yake yamelala. Mzee wangu alikuwa na wajukuu wa kulisha. Alichora mabango ya maduka na ya vinyozi, upesi, kwa rangi ya kawaida, wala sikumsikia akiyadharau. Wahenga walisema, kazi mbi si mchezo mwema. Lakini mteja mmoja alipotaka ile mitundu ipakwe kijani, kwa hoja kwamba msitu ni kijani, mzee alimrudishia arubuni yake. Dhamiri haipikwi ikaliwa, na juma lile ugali wa wajukuu ulitoka kwenye mabango. Ndiyo sababu sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mwepesi. Nasema ulikuwa wake, na gharama yake aliilipa mwenyewe.

Sasa namjibu mkulima. Mimi nilizaliwa katika miombo hii. Kila Septemba nilipita chini ya mitundu nikienda shule, na wekundu ule sikupata kuuona mpaka nilipoonyeshwa na mtu niliyemwandika kuwa hana kazi. Mkulima na mrina asali huenda walikwisha kuuona zamani. Kwao picha ni ushahidi kwamba walichokiona kina thamani ya kuhifadhiwa. Hayo ndiyo malipo ya mahindi. Hayapimwi kwa mzani, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuyakana.

Nilihamishiwa kituo kingine kabla sijausahihisha mstari ule. Niliporejea, daftari lilikuwa limejaa na kufungwa, na mzee alikuwa amefariki.

Nawe, ndugu mwalimu, unaye darasani mwanafunzi anayetazama nje ya dirisha. Pengine ni mvivu, wavivu wapo. Lakini kabla hujamwandika, mwulize ameona nini. Mpe kalamu akichore, kisha mwulize kama ndivyo kilivyo. Akifuta mwenyewe, bila kuamriwa, akaanza upya, mwache aendelee.