Kisima cha Isaka na foleni ya bombani

Wengi wetu tuliyajua maji kama hatari kwanza. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, na yale mawimbi tunayakumbuka. Ndiyo maana Mtume Paulo anapouita ubatizo kuzikwa pamoja na Kristo (Warumi 6), sisi twaelewa upesi.

Lakini tukibatizwa Jumapili, Jumatatu tuko bombani na madumu, tunasukumana. Je, Mkristo aache zamu yake? Katika Mwanzo 26 watumishi wa Isaka walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombania. Akakiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili nacho wakakigombania, akakiita Sitna. Akahama, akachimba cha tatu, Rehobothi, maana hapo palikuwa na nafasi.

Isaka aliweza kuhama. Sisi bomba letu ni moja. Kwa hiyo hatumwambii mama mwenye watoto watano aache dumu lake kila siku ili aonekane mpole. Tunasema na wenye nguvu (vijana wetu wa kwaya wamo): msimruke bibi anayekuja peke yake. Yule mwanamke Msamaria naye alifika kisimani saa sita mchana, na Yesu ndiye aliyeanza kumsemesha.